Pedali ya mdogo wangu, masikio ya baba

Kijana akimaliza kidato cha sita na kukaa nyumbani akisubiri matokeo, wazazi wengi huwa na wasiwasi mmoja: atajifunza nini mtaani katika miezi hiyo? Kwetu Kariakoo, ghorofa ya tatu, wasiwasi huo ulikuja na harufu ya risasi inayoyeyuka. Mdogo wangu alikuwa ameanza kulehemu.

Hakuwa anatengeneza redio wala simu. Alitaka kutengeneza pedali, yaani kile kiboksi cha chuma ambacho mpiga gitaa hukikanyaga kwa mguu ili kubadili sauti. Tena si pedali yoyote. Alitaka itoe sauti ya amplifaya ya baba, ile iliyokaa nyuma ya mlango tangu mimi sijaanza shule, ambayo mama ameifunika kitambaa na kuiwekea maua ya plastiki juu yake.

Mimi naandika habari za afya, na ukurasa huu ni wa familia, si wa ufundi. Lakini kazi ile ya miezi mitatu ilitufikisha mahali ambapo hakuna aliyepategemea: chumba cha kupimia usikivu. Ndiyo maana naisimulia hapa.

AMPLIFAYA ILIYOLIPA DENI

Baba ana miaka 71. Ujanani alipiga gitaa la ridhimu kwenye bendi moja ya shirika hapa jijini. Enzi hizo bendi zilikuwa na wenyewe. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na baada ya kubadili majina mara kadhaa ndiyo tunayoijua kama Msondo Ngoma. Mlimani Park, wana Sikinde, walianza mwaka 1978 na baadaye wakawa chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC, lenye ukumbi hapa hapa Kariakoo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa, na vyombo kwa kawaida vilikuwa mali ya mwajiri.

Bendi ya baba haikuwa kubwa kama hizo. Ilipovunjika, wanamuziki walikuwa wanadai malimbikizo ya posho. Hela haikuwepo, wakaambiwa kila mmoja achukue chombo. Wenzake waligombania magitaa. Baba akachukua amplifaya. Hadi leo ukimuuliza kwa nini, anasema gitaa unaweza kuazima kwa rafiki, lakini sauti yako huwezi kuazima.

Ni amplifaya ya transista, siyo ya valvu. Hili lina maana kwa wapenzi wa magitaa. Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka 1947, na ilipoingia kwenye amplifaya ilileta chombo chepesi zaidi, kisichohitaji kubadilishiwa taa za kioo kila zinapoungua. Mwaka 1975 kampuni ya Roland ya Japan ilitoa Jazz Chorus, ambayo mpaka leo husifiwa kwa sauti safi. Lakini wapiga magitaa wengi waliziona amplifaya za transista kuwa zina sauti kavu zikilazimishwa kukwaruza. Siku hizi upepo umegeuka. Huko Marekani, Josh Homme wa bendi ya Queens of the Stone Age aliposema kwamba amekuwa akitumia amplifaya ndogo ya transista, Peavey Decade, watu walizisaka na mafundi wakatengeneza pedali za kuiga mkwaruzo wake. Mdogo wangu aliyaona hayo kwenye simu yake, akageuza shingo, akatazama yale maua ya plastiki.

Kuitengeneza yenyewe kulishindikana. Transfoma ilikuwa imeungua, na fundi mmoja wa Gerezani alitaka hela ambayo mama alisema inalipa ada ya muhula. Tena amplifaya ya zamani huingiza umeme wa volti 230, na kapasita zake kubwa zinaweza kubaki na chaji hata baada ya kuchomolewa ukutani. Pedali hutumia betri ya volti 9. Kwa mama, hoja iliishia hapo: kama ni kucheza na umeme, kijana acheze na wa betri.

SAUTI INAPOGONGA DARI

Nilimwambia anieleze mkwaruzo ni nini, kama anavyomweleza mtu asiyejua kitu. Alinieleza vizuri kuliko baadhi ya wataalamu ninaowahoji.

Umeme unaotoka kwenye gitaa, alisema, hupanda na kushuka kama mawimbi pale Feri. Amplifaya huyakuza mawimbi hayo, lakini haiwezi kuyakuza kupita umeme ilio nao yenyewe. Wimbi likigonga dari, kilele chake hukatwa na kubaki bapa kama meza. Ukataji huo huzaa sauti mpya za juu ambazo gitaa lenyewe halikuzitoa. Noti nyingi za gitaa ziko chini ya hezi 1,200, yaani mitetemo 1,200 kwa sekunde. Mkwaruzo unaongeza sauti za hezi 2,000, 3,000, 5,000 na kuendelea. Hizo ndizo tunazozisikia kama ukali.

Fundi anayetengeneza pedali kwa hiyo ana maswali mawili. Wimbi likatwe mapema au likichelewa? Na zile sauti za juu, abakize kiasi gani? La pili hujibiwa na kitu kidogo kama punje ya dengu: kapasita. Rezista ya kilo-ohm 10 ikiwa na kapasita ya nanofaradi 4.7, saketi huanza kupunguza sauti za juu kuanzia karibu hezi 3,400. Weka kapasita ya nanofaradi 2.2, na mpaka unasogea hadi karibu hezi 7,200. Weka ya nanofaradi 1, unafika karibu hezi 16,000, na hapo unaacha karibu kila kitu kipite.

Alifungua amplifaya, akachora saketi yake kwenye daftari la fizikia, akaingia madukani. Kariakoo hii watu wanaifahamu kwa vitenge, vyombo na simu za Mtaa wa Aggrey, lakini kuna vijiduka vinavyouza vipuri vya redio kwa kipande kimoja kimoja, na muuzaji akikuona mara tatu anakuita fundi. Mdogo wangu alirudi na mifuko midogo ya nailoni: dayodi, transista, rezista, jeki mbili, na kopo la chuma ambalo zamani lilikuwa la biskuti.

"BADO, IMEFUNIKWA BLANKETI"

Pedali ya kwanza ilifanya kazi wiki ya tatu. Aliiunganisha kwenye spika aliyoazima kanisani, akampa baba gitaa. Kwa kuwa sauti iliyotafutwa ilikuwa ya baba, hakuna aliyefikiria jaji mwingine.

Baba alipiga kidogo, akatikisa kichwa. "Bado. Imekaa kama imefunikwa blanketi."

Kijana akabadili kapasita, akaweka ya nanofaradi 2.2. Baba akapiga tena. "Inakuja. Ongeza."

Akaweka ya nanofaradi 1. Baba akafumba macho, akatabasamu, akaingia kwenye chemko la wimbo wao mmoja wa zamani. Mama, aliyekuwa jikoni, alitoka na mwiko mkononi akasema sauti ile inamchoma meno. Binti yangu wa miaka sita aliziba masikio. Jirani wa juu akagonga sakafu. Mdogo wangu alinitazama. Sauti iliyokuwa inatoka pale haikuwa gitaa tena, ilikuwa nyuki ndani ya debe. Baba peke yake aliifurahia.

Katika habari za afya kuna picha moja inayojirudia: mchoro wa usikivu wa mtu aliyekaa miaka mingi kwenye kelele. Mstari huenda vizuri kwenye sauti za chini, halafu unaporomoka kwenye hezi 4,000 hivi. Umri nao hula kuanzia juu kushuka chini. Mtu wa namna hiyo huwa anasikia. Ukimwita anageuka, mlango ukigongwa anajua. Anachopoteza ni zile sauti nyembamba, na katika maneno yetu hizo ndizo s, f, sh na t. Ndiyo maana wazee wengi husema, "Nakusikia, ila sielewi unachosema."

Nikaunganisha na mengine ya hapo nyumbani. Televisheni ya taarifa ya habari ilikuwa inasikika hadi kwenye ngazi. Na binti yangu, ambaye zamani alifanya hesabu za shule akiwa miguuni pa babu yake, alikuwa amehamia kwa bibi. Nilipomuuliza sababu, alijibu kwa urahisi wa watoto: "Babu nikimwambia sita anaandika nyingine."

KWENYE CHUMBA KISICHO NA SAUTI

Kumpeleka mzee hospitali kwa jambo lisilouma ni kazi. Hatukumwambia kwamba ni kiziwi, maana si kiziwi. Mdogo wangu alimwambia, "Baba, nahitaji kujua unasikia vipi ili nimalize pedali." Kwa sababu hiyo alikubali, na alivaa shati lake la harusini.

Kipimo chenyewe hakina maumivu. Mtu anakaa kwenye chumba kilichozibwa sauti, anavaa spika za masikioni, na kila akisikia mlio, hata mdogo kiasi gani, anabonyeza kitufe. Ilichukua kama nusu saa. Sauti za chini hadi hezi 1,000 baba alizisikia vizuri kwa umri wake. Kwenye hezi 4,000 hakusikia kitu mpaka mlio ulipofikishwa desibeli 60, karibu na ukubwa wa mazungumzo ya kawaida. Mtu mwenye usikivu mzuri huusikia mlio huo hata ukiwa chini ya desibeli 20.

Mtaalamu alimuuliza amefanya kazi gani maishani. Baba alisema muziki. "Ulikuwa unasimama wapi jukwaani?" Baba akaonyesha kwa mikono: hapa ngoma, hapa amplifaya, hapa mimi. Usiku minne kwa wiki, saa tano au sita kila usiku, kwa miaka zaidi ya 15.

Njiani hakusema kitu hadi tulipofika mataa ya Fire. Ndipo akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii nasikia nusu?"

Wiki mbili zilizofuata zilikuwa nzito. Baba hakugusa gitaa. Mdogo wangu naye alizima chuma chake cha kulehemu, akaniambia maneno yaliyonikaa: "Dada, nimetengeneza sauti ya ugonjwa."

Aliyeuvunja ukimya ni baba. Jumapili moja alimwita kijana, akamwambia alete gitaa na lile kopo. "Usiniulize inasikikaje," alisema. "Niulize inajibuje." Akamwonyesha. Kwenye amplifaya yake, ukigusa waya polepole sauti hutoka safi kama maji. Ukikaza mkono, inaanza kunguruma. Mpiga ridhimu alikuwa anacheza na mpaka huo usiku kucha, akibembeleza wakati mwimbaji anaimba na kukaza chemko likiingia. Pedali ya mdogo wangu ilikwaruza muda wote, uguse au upige. Hilo halikuhitaji sikio la hezi 4,000. Baba alilijua kwa vidole.

Tatizo lilikuwa dari. Saketi ya awali kwenye amplifaya ilitumia umeme wa karibu volti 30, wakati pedali ina 9 tu, kwa hiyo kila wimbi liligonga mapema. Kijana akafunga betri mbili mfululizo kupata volti 18, akapunguza ukuzaji. Pedali ikaanza kujibu.

Kuhusu sauti za juu, alirudi kwenye amplifaya yenyewe. Juu ya kapasita ya zamani kulikuwa na maandishi 472, namna mafundi wanavyoandika nanofaradi 4.7. Ndiyo ileile aliyoanza nayo, kabla baba hajasema blanketi. Tena spika za amplifaya za gitaa, za karatasi, hazipitishi sauti nyingi zaidi ya hezi 5,000 hivi. Amplifaya haikuwahi kuwa kali kama baba anavyoikumbuka. Masikio yaliyokuwa yakiisikiliza ndiyo yalikuwa ya kijana wa miaka 25.

Mdogo wangu akarudisha ya 472. Lakini hakuitupa ile nyingine. Ameweka swichi ndogo pembeni ya kopo. Upande mmoja ni sauti kama ilivyokuwa ukumbini. Upande wa pili ni ile ambayo baba anaisikia vizuri leo, ya kutumia akiwa peke yake na mlango umefungwa.

UNACHOWEZA KUFANYA NYUMBANI KWAKO

Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa zaidi ya watu bilioni 1.5 duniani wana kiwango fulani cha upotevu wa usikivu, na kwamba vijana zaidi ya bilioni 1 wako hatarini kwa kusikiliza muziki kwa sauti kubwa. Upotevu unaotokana na kelele haurudi, kwa sababu vinyweleo vidogo vya ndani ya sikio vikifa haviotei tena. Lakini unazuilika.

Kipimo cha WHO kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kwa mtoto ni desibeli 75 kwa saa hizo hizo. Kila ikiongezeka desibeli 3, muda salama unakatwa nusu: desibeli 83 ni saa 20, 86 ni saa 10, 89 ni saa 5, 92 ni saa mbili na nusu. Ukumbi wa muziki hupita hapo kwa urahisi. Kwa simu ya mwanao, kanuni rahisi ni sauti isizidi asilimia 60 ya mwisho wake. Kama ukisimama umbali wa mkono mmoja unasikia wimbo anaousikiliza kwa spika za masikioni, apunguze. Anayepiga chombo kwenye bendi au kwaya avae vizibo vya masikio na apumzishe masikio mbali na spika.

Kama una fundi mdogo nyumbani, usimnyime. Mwanzishe na vifaa vya betri, si vya umeme wa ukutani. Alehemu karibu na dirisha lililo wazi, kwa kuwa moshi ule hutoka kwenye utomvu ulio ndani ya waya na unaweza kuamsha pumu. Risasi yenyewe haipai sana kwa joto lile. Inaingia mwilini kupitia mikono. Kwa hiyo asile mezani pa kazi, anawe kwa sabuni akimaliza, na mabaki yafagiliwe kabla mtoto mdogo hajapita. Kwa watoto hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Na kama una mzee anayeongeza sauti ya televisheni, anayejibu swali tofauti na ulilouliza, au anayenyamaza mkiwa wengi mezani, usimwambie "hausikii". Mpeleke akapimwe. Anza na kituo cha afya kilicho karibu, kwani nta iliyojaa sikioni nayo hupunguza usikivu na huondolewa kwa dakika chache. Wakiona haja, watampa rufaa kwenye hospitali yenye wataalamu. Muhimbili tayari inafanya hata upandikizaji wa vifaa vya usikivu kwa watoto, huduma iliyoanza hapo mwaka 2017.

Kwetu tumejiwekea utaratibu. Anayetaka kuongea na baba anamwita kwanza, anasubiri ageuke, kisha anaongea uso kwa uso bila kupiga kelele. Binti yangu ndiye msimamizi mkali wa sheria hiyo. Amerudi na madaftari yake miguuni pa babu, na akifika kwenye sita anaonyesha na vidole.

Baba amekubali kuwekewa kifaa cha kusaidia kusikia mwezi ujao. Mtaalamu ametuonya kwamba mwanzoni vijiko vitamgongea kama kengele na muziki utamjia wa ajabu, na kwamba atahitaji wiki kadhaa kuzoea. Mdogo wangu ameshapata mpiga gitaa wa kanisani anayetaka pedali kama ile, lakini ya kwanza hajaifunga kabisa. Kwenye kifuniko cha lile kopo ameacha skrubu mbili bila kukazwa, hadi baba aisikilize tena.